Mtafiti wa kinga ya mwili asiwe kibarua wa miradi

MWALIMU anayewaleta wanafunzi wake Kaole kwa ziara ya mafunzo huwaonyesha msikiti wa karne ya 13, makaburi yenye minara ya mawe, na matundu ambamo zamani vilipachikwa vibakuli vya Kichina. Huwaeleza kuwa watu wa pwani hii walifanya biashara na mataifa ya ng'ambo karne nyingi kabla ya Mjerumani kutua. Wanafunzi huandika, hupiga picha, kisha hurejea mjini Bagamoyo, mwendo wa kilomita tano hivi, na kupanda basi lao. Ni wachache sana kati yao wanaoambiwa kwamba karibu na hapo, katika maabara za Bagamoyo, imefanywa kazi ya sayansi ambayo wataalamu wa Marekani, Uingereza na Uswisi wanaisoma kwa makini.

Kazi hiyo ni ya elimu ya kinga ya mwili, yaani elimu inayochunguza jinsi mwili wa binadamu unavyomtambua adui, unavyopigana naye, na unavyomkumbuka arudipo mara ya pili. Inafanywa na tawi la Taasisi ya Afya Ifakara. Taasisi hiyo ilianza mwaka 1957 kama maabara ndogo ya Waswisi huko Ifakara, chini ya Profesa Rudolf Geigy wa mji wa Basel, na katika miaka ya 1990 ikawa chombo cha Kitanzania. Hapo Bagamoyo ndipo watoto wachanga 340 walipohusishwa katika majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, na matokeo yake yakatangazwa mwishoni mwa mwaka 2008 katika jarida kubwa la tiba la Marekani, mwandishi wa kwanza akiwa Mtanzania, Dk. Salim Abdulla. Mwezi Mei 2009 jaribio kubwa la mwisho la chanjo hiyo likaanzia hapo hapo Bagamoyo. Lilipokamilika lilikuwa limewahusisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, na kituo cha pili cha Tanzania kilikuwa Korogwe. Chanjo ya pili, R21, nayo ilipita Bagamoyo kabla ya Shirika la Afya Duniani kuipitisha mwezi Oktoba 2023.

Haya ni mambo ya kujivunia, na gazeti la Chama halina sababu ya kuyaonea haya. Wazazi wa Bagamoyo waliwatoa watoto wao kwa hiari ili Afrika nzima ipate kinga. Lakini sifa hiyo isizuie swali moja ambalo halijapata jibu la kutosha. Damu ile ilipokwisha kutolewa, nani aliisoma? Na aliyeisoma, kama alikuwa kijana wa Kitanzania, yuko wapi leo na anaajiriwa na nani?

Ili swali hilo lieleweke, yafaa kueleza jinsi kazi yenyewe inavyokwenda, maana wengi hudhani maabara ni mahali pa kupimia malaria na choo tu. Damu ikitolewa asubuhi, haiwezi kungoja. Katika muda wa saa chache lazima izungushwe kwa kasi katika mashine hadi ijitenge: chembechembe nyekundu zikae chini, maji ya damu yakae juu, na katikati ubaki utando mwembamba wa rangi ya ukungu. Utando huo ndio chembechembe nyeupe, askari wenyewe wa mwili. Hufyonzwa taratibu, husafishwa, huhesabiwa, hugandishwa polepole, kisha hutumbukizwa katika mitungi ya naitrojeni iliyo baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Humo zinaweza kulala miaka mingi zikiwa hai.

Hiyo ni sehemu ya kwanza, na hufanywa vizuri sana na mafundi wa Kitanzania. Sehemu ya pili ni kuziamsha. Chembechembe huyeyushwa, hukutanishwa na vipande vya kijidudu cha malaria ili ionekane zipi zinakumbuka, hupakwa rangi maalumu, kisha hupitishwa moja moja mbele ya mionzi ya mashine inayoweza kupambanua maelfu kwa sekunde moja. Hutoka takwimu nyingi kiasi kwamba mtu anaweza kukaa nazo miezi mizima mbele ya kompyuta. Katika takwimu hizo ndimo yalimo maarifa. Anayekaa nazo, akazigeuzageuza, akagundua kuwa kundi fulani la chembechembe limeongezeka pale ambapo halikutarajiwa, huyo ndiye mwenye uvumbuzi.

Mtu huyo katika nchi tajiri kwa kawaida si profesa. Profesa ana vikao, barua na kutafuta fedha. Anayefanya kazi hiyo ni mtafiti aliyekwisha kupata shahada ya uzamivu lakini hajapata maabara yake mwenyewe; hukaa chini ya mkubwa kwa miaka miwili, mitatu au mitano, akijifunza kuuliza maswali yaliyo yake. Kiswahili hakijatulia hata katika kumpa jina. Wengine humwita mtafiti wa baada ya uzamivu, wengine hutumia neno la Kiingereza tu, na si ajabu, kwani kitu kisicho na kiti ofisini huchelewa kupata jina. Ndugu zake kijijini humwita Daktari, humletea watoto wenye homa, na hushangaa akiwaambia kuwa yeye hatibu.

Ubora wa mtu huyu ni upi kwa taifa? Jibu limo katika matokeo yenyewe ya Bagamoyo. Chanjo ya RTS,S, katika jaribio lile kubwa, ilipunguza malaria kwa asilimia 36 kwa watoto walioanza kuchanjwa wakiwa na miezi mitano hadi 17 na kupewa dozi nne. Kwa wachanga walioanza wakiwa na wiki sita hadi 12, ilipunguza kwa asilimia 26 tu. Kwa nini mdogo apate kinga haba kuliko mkubwa? Je, ni kingamwili alizorithi kwa mama yake zinazoizuia chanjo? Je, ni chanjo nyingine anazopewa siku hiyo hiyo? Kabla jambo hilo halijatulia, chanjo ya aina nyingine kabisa iitwayo RH5, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oxford, ikajaribiwa Bagamoyo, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yakaonyesha kinyume: wachanga wa miezi sita hadi 11 ndio waliotoa kingamwili nyingi kuliko watu wazima.

Limo pia suala la chanjo ya vijidudu hai vilivyodhoofishwa, iliyotengenezwa Maryland, Marekani, na kuletwa Bagamoyo ikiwa imehifadhiwa katika baridi ya naitrojeni. Vijana wa Kitanzania waliojitolea walipewa chanjo hiyo kama walivyopewa Wamarekani. Kingamwili za Watanzania zikawa chache, na ulinzi wao ukawa mdogo. Chanjo ni ile ile, sindano ni ile ile. Yapo maelezo kadhaa. Mojawapo ni kwamba mwili uliozoea kukutana na malaria tangu utotoni hujifunza kuivumilia, na kwa hiyo hauihesabu tena chanjo kuwa jambo la dharura. Maelezo hayo yanaweza kuwa kweli, yanaweza kuwa nusu ya kweli. Lakini Mmarekani hana haraka ya kulijua jibu, kwa sababu chanjo ilimfaa. Mwenye haraka ni mtu wa Bagamoyo, wa Kilombero, wa Muleba.

Si kwamba damu ya Mwafrika inahitaji msomaji Mwafrika ndipo isomeke. Sayansi haina kabila, na wapo wageni waliofanya kazi nzuri na ya heshima nchini humu. Hoja ni kwamba mgeni hufuata swali lililolipiwa, na likiisha kulipiwa huenda kwingine. Mwenyeji hana pa kulikimbia swali lake.

Historia ya jambo hili ni ndefu. Robert Koch, Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alikuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 akichunguza malaria. Muda mfupi baadaye, katika visiwa vya New Guinea, aliona kwamba damu ya watoto wadogo imejaa vijidudu ilhali watu wazima wa vijiji hivyo hivyo wako salama. Akatambua kuwa mtu hujijengea kinga kwa kuugua mara nyingi. Mwaka 1961 wataalamu wa Kiingereza waliokuwa Gambia walichuja kingamwili kutoka damu ya watu wazima, wakawadunga watoto wagonjwa, na vijidudu vikapungua. Mwaka 1963 walitoa taarifa nyingine, kwamba kingamwili za Afrika Magharibi zilitibu malaria ya Afrika Mashariki pia. Huo ni ugunduzi mkubwa sana, na umeongoza utafiti wa chanjo kwa miaka zaidi ya 60. Waliotoa damu walikuwa Waafrika, na walioponywa walikuwa watoto wa Kiafrika. Majina katika taarifa ni ya Waingereza. Wakati huo ingeweza kusemwa kuwa ndivyo ukoloni ulivyokuwa.

Lakini mwaka 2014 ukoloni ulikuwa umekwisha zamani. Mwaka huo jarida la Science la Marekani lilitangaza ugunduzi wa sehemu mpya ya kijidudu cha malaria inayoweza kufanywa shabaha ya chanjo. Ugunduzi ulitokana na damu ya watoto wa Muheza, mkoani Tanga, waliofuatiliwa tangu kuzaliwa. Walichaguliwa wachache wa umri wa miaka miwili ambao malaria iliwashinda kuwashika, wakalinganishwa na wenzao walioshikwa daima. Mwaka 2020 damu ya watoto wa utafiti ule ule ikatoa shabaha ya pili, iliyotangazwa katika jarida la Nature. Maabara iliyoongoza kazi hiyo iko Providence, katika jimbo la Rhode Island. Wataalamu wa huko walistahili sifa zao, maana walikuwa na akili na subira. Hata hivyo, mtumishi wa Serikali aliyewahi kuhangaikia bei ya korosho ataitambua biashara hii mara moja: ghafi hutoka Kusini, kiwanda kiko Kaskazini, na thamani huongezeka njiani.

Yapo pia mabadiliko ya kutia moyo. Vijana wa Kitanzania wamepelekwa Basel na kwingineko, wamepata uzamivu wao kwa chembechembe za Bagamoyo zenyewe, na wameandika taarifa zenye majina yao mbele. Huko Moshi, Watanzania wakishirikiana na Waholanzi walitangaza mwaka 2025 utafiti wa vijana 77 wa Kilimanjaro waliobadilishana vyakula: wengine waliacha vyakula vya asili wakala vya Kizungu, wengine wakafanya kinyume, na wengine wakanywa mbege. Katika wiki mbili tu kinga ya mwili ilibadilika. Swali kama lile la mbege haliwezi kuzaliwa Maryland. Limezaliwa mahali ambapo mtafiti anajua mbege ni nini.

Tatizo linaanza siku kijana huyo anapovua joho la mahafali. Mkataba anaopata huandikwa kwa jina la mradi, si kwa jina la kazi yake. Mradi ukiwa wa miaka miwili, naye ni wa miaka miwili. Mwaka wa kwanza hupotea akingoja vitendanishi ambavyo vimezuiliwa uwanja wa ndege kwa kukosa karatasi moja, navyo vinatakiwa kukaa kwenye barafu. Mwaka wa pili huanza kazi yenyewe, na wakati huo huo huanza kuandika maombi ya fedha za mradi ujao, kwani ana watoto shuleni na kodi ya nyumba. Akiandika maombi hayo hulazimika kukisia matajiri wa London au Seattle wanataka kusikia nini mwaka huo. Swali lake mwenyewe, lile lililomkesha usiku, huliweka kando. Kwa lugha ya mtaani mtu huyo ni kibarua. Ni kibarua mwenye elimu kubwa kuliko wote, lakini hajui kama keshokutwa ana kazi.

Basi hutazama njia zilizopo. Anaweza kwenda chuo kikuu akawa mhadhiri, akafundisha madarasa ya mamia ya wanafunzi na kusahihisha mitihani hadi usiku, naye mikono yake isahau maabara. Anaweza kuwa meneja wa mradi, apewe gari na kompyuta mpakato, aandike ripoti za fedha. Au anaweza kupanda ndege. Hakuna aibu katika lolote kati ya hayo. Lakini taifa lililomsomesha tangu darasa la kwanza linakuwa limemtoa katika kazi ile ile aliyosomea.

Kilifi, juu kidogo ya pwani hii hii, Wakenya wanayajua haya. Kituo chao cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1989 kwa ushirikiano na Waingereza kimewalea wataalamu wengi, na miongoni mwao ni Profesa Faith Osier, bingwa wa kingamwili za malaria, ambaye mwaka 2019 alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika urais wa umoja wa dunia wa vyama vya wataalamu wa kinga ya mwili. Alipofikia kilele hicho alikuwa na maabara Heidelberg, Ujerumani, na baadaye akaenda Imperial College, London. Ameendelea kuwasomesha vijana wa Kiafrika, wala hapaswi kulaumiwa hata kidogo. Ila kama hata Kilifi, yenye mizizi na fedha za miaka mingi, haikuweza kuwa mahali pa kutosha kwa mtu kama yeye, basi mwenye kuitazama Bagamoyo asijidanganye kwamba mambo yatajipanga yenyewe.

Wapo wanaouliza, tena kwa nia njema, kama nchi ambayo baadhi ya shule zake hazina madawati ya kutosha inaweza kujishughulisha na chembechembe zilizogandishwa. Swali hilo si la kudharauliwa, na mwalimu wa shule ya msingi ana haki kabisa ya kuliuliza. Lakini malaria ni gharama inayolipwa na shule hiyo hiyo kila masika, kwa watoto wanaokosa masomo na walimu wanaolala na homa. Zaidi ya hayo, nchi hununua chanjo na dawa kila mwaka, na mnunuzi asiye na mtaalamu wake wa kukagua bidhaa hukubali maneno ya muuzaji. Chanjo inapoonekana kuwa dhaifu kwa Watanzania kuliko kwa Wamarekani, nani ataishauri Wizara kama iongezwe dozi, ibadilishwe ratiba au iachwe? Si mtu wa kukodishwa.

Mwaka 2025 ulitoa somo ambalo halikuhitaji mkalimani. Mwezi Januari serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Ulipofika Julai shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Mpango wake wa kuendeleza chanjo za malaria ulikwenda nao. Watafiti katika nchi nyingi za Afrika walipokea barua za kuacha kazi zilizoandikwa na watu wasiowajua, kwa sababu zisizohusu ubora wa kazi yao. Tangu enzi za TANU, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya dhidi ya kujenga mipango ya nchi juu ya zawadi na mikopo ya wageni. Onyo hilo lilizoeleka kunukuliwa kwa kilimo na viwanda. Linahusu maabara vile vile.

Vyombo vya kuanzia vipo. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia kwa sheria ya mwaka 1986, nayo ina mfuko wake wa kuendeleza sayansi. Viongozi wa Afrika walikwisha kukubaliana, na wakarudia tena Addis Ababa mwezi Januari 2007, kwamba kila nchi itumie angalau asilimia moja ya pato lake kwa utafiti. Hata sampuli za damu haziruhusiwi kutoka nchini bila mkataba maalumu. Kinachokosekana ni ajira ya mtu mmoja katikati ya ngazi: baada ya mwanafunzi, kabla ya profesa.

Kwa hiyo Tume ipewe fungu la kuajiri watafiti wa namna hiyo kwa miaka mitano mitano, mshahara ukitoka Hazina na ukimfuata mtafiti badala ya mradi. Mgeni akija na fedha zake, zinunue vitendanishi na mafuta ya jenereta. Mtu awe wa nchi. Na mkataba wa kusafirisha sampuli usiishie kuuliza damu inakwenda wapi na kwa nini. Uulize ni Mtanzania gani atakayezisoma chembechembe hizo, na kwa muda gani, na akisharudi atakalia kiti gani. Mahali ambapo mashine ipo nchini, sampuli isitoke kwa sababu tu ya mazoea. Mamlaka ya Mapato na wakaguzi wa bandari na viwanja vya ndege nao wapewe orodha ya vitendanishi visivyoweza kungoja, kama ilivyo kwa chanjo zenyewe, kwani katoni iliyoyeyuka juani huharibu kazi ya mwaka mzima na hakuna anayeandikiwa barua ya karipio.

Fungu hilo halihitaji kuwa kubwa. Zikianza nafasi 20 tu kwa nchi nzima, zikagawanywa Bagamoyo, Muhimbili, Moshi, Mwanza na Sokoine, ambako kinga ya ng'ombe na kuku ina maswali yake, gharama yake itakuwa mishahara ya wahadhiri 20. Bunge la bajeti hukutana Dodoma kila mwaka kuanzia Aprili hadi Juni, na maofisa wanaotayarisha makadirio ya wizara zinazohusika huanza kazi hiyo miezi kadhaa kabla.